Nywele Alizoahidiwa Artemi

Mkono wa Nano bado uko hewani, msomaji, na bado una damu. Wiki nzima haujashuka. Na swali lake lile la mwisho bado halijapata wa kulijibu: "Nani katika nyumba hii amemdanganya mungu?"

Kwa ambaye ndiyo kwanza anajiunga nasi, maneno ni machache. Mirtali, binti wa miaka kumi na sita, yuko kwenye uchungu wa mimba yake ya kwanza, na leo ni siku ya tatu. Nano ni mkunga. Chumbani yumo pia Arkhipe, mama yake Mirtali, mjane, aliyevuka mto kuja kwa mkwewe kumsaidia bintiye. Na yumo Thrata, mtumwa mzee aliyemlea Mirtali tangu akinyonya.

Basi Nano akaushusha mkono, akaufuta kwenye kitambaa.

"Nauliza tena. Mafundo yote tumeyafungua ili na tumbo lifunguke. Mikanda, viatu, mpaka kamba ya mbuzi. Milango yote iko wazi. Nimezalisha vijiji hivi tangu baba zenu wanajikojolea, tumbo halijifungi hivi hivi. Mficha uchi hazai, jamani! Kuna kitu Artemi aliahidiwa hakupewa?"

"Hakuna," Arkhipe akasema. "Kila kitu kilipelekwa kabla ya harusi. Wanasesere wake, mpira wake, mkanda, nywele. Kijiji kizima kiliona."

"Mimi niliona kifurushi. Ndani ya kifurushi sikuona."

"Una maana gani, bibi Nano?"

"Maana yangu unaijua wewe."

Thrata alikuwa akimpangusa Mirtali jasho. Aliposikia hayo aliinamisha uso, akaendelea kupangusa pale pale palipokwisha kukauka. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Kwetu huku mwanamke hazai mpaka Artemi, mungu wa kike wa uzazi, aridhie. Akiridhia, anafungua. Akikasirika anatupa mshale, na hao wanawake wanaokufa kitandani na mtoto tumboni, tunasema wamepigwa mshale. Arkhipe alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle chumbani.

Mara kwato za nyumbu zikasikika uani.

"Mume wangu huyo," Mirtali akanong'ona. "Mwambieni asinione hivi."

Eutikho aliondoka alfajiri na mbuzi, kwenda hekaluni ng'ambo ya mto kumwombea mkewe. Amerudi bila mbuzi, na uso si ule alioondoka nao. Hakuingia chumbani, mwanaume haingii. Alisimama kizingitini na kutupa kitu sakafuni.

Lilikuwa fungu la nywele.

"Mbuzi amekataliwa," akasema. "Ini lake lina upande mmoja tu. Kuhani aliogopa hata kulishika. Akafungua kasha la nadhiri, akatoa kifurushi chenye jina la mke wangu. Kilichokuwa ndani hicho hapo. Kiangalieni."

Nano akaokota. Akasogea dirishani.

"Zina mvi," akasema.

"Zina mvi! Mke wangu alikuwa na miaka kumi na tano, na nywele zake ni rangi ya asali. Mvi zimetoka wapi? Nani alibeba kifurushi siku ile?"

Thrata akasema, "Mimi, bwana."

"Wewe." Eutikho akamtazama kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kumwona. "Mthraki wewe. Kwenu mnajua kufunga watu kwa nywele zao, sivyo? Shungi la mke wangu ulilipeleka wapi? Umelifukia kaburi gani?"

"Bwana mkubwa..."

"Umemfunga tumbo!"

Hapa, msomaji, nilitarajia Arkhipe aseme neno. Hata wewe ulitarajia. Arkhipe alikuwa hatua tatu kutoka pale, na mdomo anao. Hakusema.

Thrata alimtazama Arkhipe, bibi yake, mara moja tu. Akaona hofu. Mwanamke huyu alikuwa amemtumikia Arkhipe miaka thelathini, na alikuwa amezoea kubeba chochote anachokabidhiwa, iwe maji, iwe kuni, iwe mtoto. Akabeba na hili.

"Ndiyo, bwana," akasema. "Ni mimi."

"Mpelekeni uani!"

Sheria yetu inasema neno la mtumwa halina uzito mpaka limetoka kwa mjeledi. Watumishi walimfunga kwenye nguzo ya banda la mizeituni. Pigo la kwanza Arkhipe alilisikia akiwa ameshika ukuta. La pili alilisikia akiwa amefumba macho.

La tatu lilimkuta Mirtali.

"Mwacheni Thrata!" msichana akapiga ukelele, sauti ambayo Nano alidhani imeshakwisha. "Mama! Waambie wamwache! Thrata ndiye aliyenilea, mama, waambie!"

Arkhipe akatoka mbio. Akafika uani, akasimama kati ya mjeledi na mgongo wa mtumwa wake, akavuta ushungi wake chini.

Mwanamke wa makamo, nywele zake huwa zinafika kiunoni. Za Arkhipe ziliishia mabegani. Zilikuwa nyeusi, na zilikuwa na mvi.

"Ni zangu," akasema. "Mfungue huyo. Nywele zilizopelekwa hekaluni ni zangu mimi."

Mjeledi ukamponyoka Eutikho mkononi.

"Mama mkwe," akasema polepole, "ulifanya nini?"

Mambo yalikuwa hivi. Mirtali alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa, ile homa ya kinamasini iliyoua watoto tisa kijijini mwaka ule. Arkhipe alikuwa ameshazika wawili. Akapiga magoti akasema: Artemi, niachie huyu mmoja, na siku ya kuamkia harusi yake nitakupa nywele zake zote. Hakusema shungi, kama wanavyotoa mabinti wote. Alisema zote. Homa ikashuka asubuhi yake, na Thrata alikuwa pale.

Miaka kumi na moja ikapita, na kila asubuhi Arkhipe alimchana mtoto nywele zile.

"Nani ana kichwa kilichonyolewa kwetu?" akamwambia Eutikho, machozi yakimtiririka. "Si mtumwa? Si mfiwa? Nimtoe mwanangu kwa mumewe kipara, kama anatoka mazikoni? Wanawake wenu wangemcheka mpaka leo. Wewe mwenyewe ungemrudisha."

"Nisingemrudisha."

"Sasa unasema hivyo."

"Nisingemrudisha, mama! Ungeniuliza!"

"Nilimkatia zangu. Nilijua ni damu moja. Nikasema, mama na mwana, mungu atazitofautishaje?"

Nano alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Umemwuzia mwenye kuku mayai yake mwenyewe," akasema, lakini bila ukali. "Njoo ndani, Arkhipe. Mtoto wako amesikia kila kitu, na mimi sina muda."

Nakwambia kweli, mama yule angechagua mjeledi kuliko kile chumba. Mirtali alikuwa amelala ubavu, midomo imepasuka, nywele za asali zimemlowa shingoni. Akanyoosha mkono. Arkhipe akaanguka magotini.

"Nisamehe, mwanangu."

"Ndiyo maana ulikuwa unajifunika hata tukiwa wawili?"

"Ndiyo."

"Nilidhani unaumwa, ukawa hutaki kuniambia." Uchungu ukamshika, akauma kitambaa, ukapita. "Mama. Ungeniambia tu."

"Nilikuwa naona aibu kwa ajili yako."

"Ningezikata mwenyewe. Mbona ni nywele tu?" Akajaribu kutabasamu. "Zingeota, mama."

Arkhipe akalaza shavu lake juu ya nywele zile.

Nano akaleta mkasi wa kunyolea kondoo, maana hapakuwa na mwingine. Walimkalisha Mirtali, Thrata akamshika kwa nyuma, mgongo wake mwenyewe ukivuja damu. Arkhipe akakata. Alikata bila kuruka hata unywele mmoja, mpaka kichwa kikabaki kidogo cheupe, na masikio yakaonekana makubwa.

"Nafananaje?" Mirtali akauliza.

"Mzuri."

"Mwongo wewe."

Wakacheka wote watatu, na Thrata akalia.

"Haya, nenda!" Nano akasema. "Aliyeapa ndiye wa kupeleka. Jua bado liko juu. Kimbia, mimi nitamshikilia."

Eutikho alikuwa ameshamgeuza nyumbu. Akamkweza mama mkwe wake bila neno la ukali. Alipompa hatamu alisema tu, "Mama, nirudishie mke wangu."

Mto ulikuwa na maji mengi, na nyumbu akagoma katikati. Arkhipe akashuka, akavuka kwa miguu, maji kifuani, kifurushi juu ya kichwa. Akafika madhabahuni akitiririka matope. Kuhani Kleno, mwanamke mkavu asiyepoteza maneno, alikuwa anamngoja.

"Umechelewa mwaka na miezi mitatu."

"Najua."

"Uliahidi nywele za mwali. Huyu si mwali tena."

"Najua, mama kuhani. Mwongo ni mimi. Nywele zile zilikuwa zangu, basi na mshale uwe wangu. Nipigwe mimi hapa hapa."

"Ungekuwa wa kuchagua wewe, isingekuwa adhabu," Kleno akasema. Akakifungua kifurushi, akazipitisha nywele vidoleni moja moja, kama mtu anayetafuta chawa. "Safari hii ni zake. Sawa. Lakini mungu huyu umeshamlisha maneno matamu. Leo anataka neno moja la kweli kutoka moyoni mwako, ndipo niwashe moto. Wako wawili kwenye kile kitanda. Unamwombea nani?"

"Wote wawili."

"Sikukuuliza wangapi. Nimekuuliza nani."

Arkhipe akatazama moto. Akamwona Mirtali wa miaka minne na homa yake. Akawaona wale wawili aliowazika. Akamwona msichana mwenye masikio makubwa akiuliza nafananaje.

"Mwanangu," akasema. "Nipe Mirtali. Huyo mwingine simjui, sijamwona. Mchukue huyo. Niachie Mirtali."

Usimhukumu upesi, wewe unayesoma umekunja nne. Hukuwepo, na huko matopeni hukupita.

Kleno akamwaga mafuta, akaweka nywele juu ya makaa. Zilinuka vibaya, kama zinavyonuka nywele zote. Lakini moshi haukutawanyika. Ulipanda wima mpaka juu ya misonobari, na ng'ambo ya mto mtu yeyote angeuona.

"Amepokea," kuhani akasema.

"Amepokea nini?"

"Hilo hakuniambia."

Arkhipe hakungoja. Mama wa miaka arobaini na kitu, nguo zimemgandama mwilini, alivuka tena mto na kukimbia njia yote ya mashamba ya shayiri. Alimpita nyumbu njiani anakula nyasi, hakumjali. Alikuwa anasema peke yake: amepokea, amepokea, amepokea.

Jua lilikuwa linagusa kilima alipoiona nyumba. Na juu ya mlango, msomaji, palitundikwa sufu!

Akizaliwa mvulana tunatundika tawi la mzeituni. Akizaliwa msichana tunatundika sufu. Arkhipe alisimama katikati ya njia akacheka kwa sauti. Kulikuwa na msichana. Mtoto ametoka, tumbo limefunguka, mwanawe amejifungua! Na sasa alisikia kilio cha mtoto kutoka ndani, kikali, cha mapafu mazima. Basi mungu amewaachia uhai wote wawili. Amesamehe na cha ziada akatoa.

Akafika getini. Ndipo alipoona kando ya mlango, chini ya sufu ile ile, mtungi wa maji.

Mtungi ule hauwekwi kwa ajili ya wenye kiu. Maji yake huchotwa nyumba ya jirani, kwa kuwa ya humo ndani yameshanajisika, na kila anayetoka hunawa kifo mikononi ndipo apite.

Arkhipe akasikiliza. Mtoto analia. Akatega sikio asikie sauti ya pili, hata ya kugumia tu. Hakuisikia.

Nano akatoka, akainama mtungini, akanawa mpaka viwiko.

"Uongo," Arkhipe akasema. "Moshi ulipanda wima, Nano. Kuhani amesema amepokea."

"Tuliuona moshi."

"Sasa?"

"Aliniuliza nywele zimefika? Nikachungulia dirishani nikauona, nikamwambia zimefika. Akafurahi, Arkhipe. Nakuapia alifurahi. Akapata nguvu sijui ya wapi, akasukuma." Nano akarudisha mikono mtungini. "Mtoto akatoka. Na damu ikamfuata. Nimeweka kila ninachokijua, haikukata."

"Alimwona mtoto?"

"Hakuwahi."

Arkhipe aliingia chumbani akitembea kawaida, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja juu ya kile kichwa kilichonyolewa. Kilikuwa bado na joto.

Thrata alikuwa anamwosha Mirtali miguu. "Bibi," akauliza kwa sauti ndogo, "kichana chake nikiweke wapi?"

Hapo ndipo Arkhipe alipolia. Alilia mpaka Nano akaja kumshika mabega, akamwambia, "Inuka. Utalia miaka yote iliyobaki, hakuna atakayekuzuia. Sasa hivi kuna jambo lingine, na haliwezi kungoja."

Alimpeleka mekoni.

Kwetu mtoto hulazwa chini mbele ya moto wa nyumba, naye baba humwinua. Akimwinua, ni wake na ana jina. Asipomwinua, anawekwa chunguni, anapelekwa mlimani kuachwa afe, na hakuna sheria ya kumuuliza baba kitu.

Mtoto alikuwa chini, juu ya jiwe, ameviringishwa kitambaa. Eutikho alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma. Kando yake palikuwa na chungu kitupu.

"Mwinue mtoto, bwana we," Nano akasema. "Jiwe lina baridi."

"Siwezi."

"Ni damu yako!"

"Siku tatu nimeomba, bibi Nano. Kila nilipofungua mdomo nilisema Mirtali. Huyu sikumtaja hata mara moja. Wewe ulimwombea nani?"

"Mimi mkunga. Mkunga anamtazama mama kwanza."

"Thrata?"

Mtumwa mzee, aliyesimama mlangoni na beseni, akatikisa kichwa. "Nilimwombea mwana niliyemlea, bwana."

"Mnaona? Huyu hakuna aliyemwombea. Tuliomba mtu, tukarushiwa mwingine. Ni kicheko cha Artemi hiki, amekiweka katikati ya nyumba yangu ili nikiangalie kila siku nimkumbuke mke wangu. Simwinui." Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuwa mtu mbaya, nataka mjue hilo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu aliyekuwa akimpenda mkewe. "Lakini wewe, mama, ulifika kwenye moto wenyewe. Nisikilize. Kama ulimwombea huyu, hata kwa neno moja, basi si kicheko. Ni zawadi, amepewa bibi yake, na nitamwinua sasa hivi mbele yenu. Nitampa jina la mama yake. Nitamlea."

Arkhipe akamtazama mtoto. Alikuwa amechoka kulia. Alikuwa anafungua na kufunga ngumi moja.

"Na kama sikumwombea?"

Eutikho akatazama chungu.

"Weka mkono kwenye jiwe la meko," akasema. "Uape kwa Artemi. Ukisema uongo, unajua ni nani atakayesikia, na unajua amebaki nani katika ukoo wako wa kupigwa. Sema. Mbele ya ule moto ulimwombea nani?"

Thrata akaweka beseni chini.

Arkhipe akainama, akaweka kiganja juu ya jiwe. Kidole chake kidogo kiligusa kitambaa cha mtoto, na mtoto akageuza uso upande ule.

"Mama," Eutikho akasema, "nasubiri."

"Nilimwombea..." Arkhipe akasema.